Kubadili Fani ya Ubingwa Ukiwa Katikati ya Masomo: Mwongozo kwa Madaktari wa Kanda ya Ziwa

Simu hizi huja jioni, baada ya raundi kubwa. Anayepiga ni daktari wa mwaka wa kwanza au wa pili wa ubingwa. Pengine amesimama nje ya wodi pale kilimani Bugando, pengine yuko Muhimbili au KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, ila kwao ni Magu, na swali ni lile lile: "Dada, nikibadili fani sasa hivi nitakuwa nimejiharibia?"

Nilikuwa mwaka wa pili wa ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi nilipohamia fani ya usingizi na ganzi salama, yaani anestesia. Nilipoteza muda na fedha, na sehemu kubwa ya hasara ile ilitokana na kuandika barua zangu kwa mpangilio mbovu. Uamuzi wenyewe sijaujutia hata siku moja. Kwa hiyo nitakachosisitiza hapa ni mpangilio: kipi kinatangulia, kipi kinafuata, na kipi usikiguse mpaka kilichokitangulia kiwe mkononi kwa maandishi.

Kwanza ujue wewe ni nani kwenye mfumo

Ukitafuta ushauri intanetini utakutana na maelezo mengi ya Marekani, na yatakuchanganya. Kule rezidenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, ni mwajiriwa wa hospitali na analipwa mshahara. Nafasi yake huipata kupitia mfumo wa taifa unaooanisha machaguo ya madaktari na ya hospitali, na akishapangiwa anafungwa na ahadi hiyo hadi siku 45 baada ya kuanza kazi. Serikali yao, kupitia Medicare, bima yao ya afya ya wazee, hulipa hospitali kiwango kamili kwa idadi ya miaka ya fani ya kwanza uliyoanza nayo. Ukihamia fani nyingine, kwa miaka inayozidi pale sehemu ya fedha hizo hulipwa nusu tu. Ndiyo maana rezidenti wa kule anauliza, "Je, hospitali mpya itanikubali na bajeti yangu iliyopungua?" Swali hilo hapa kwetu halipo.

Hapa MMed, yaani Shahada ya Uzamili ya Tiba, ni shahada ya chuo kikuu. Una namba ya usajili, ada inalipwa na wewe au na mfadhili, unafanya mitihani, unaandika tasnifu. Hospitali ndipo unapojifunzia na kuhudumia, lakini mwenye jina lako ni chuo. CUHAS, chuo kikuu cha afya cha Kikatoliki kilichoanza mwaka 2003, kinafundishia Bugando, hospitali inayohudumia wagonjwa wa rufaa wa Kanda ya Ziwa tangu 1971, lakini chuo na hospitali ni ofisi mbili zenye mafaili mawili. Wapo wanaomuaga mkuu wa wodi wakadhani wameshaaga, kumbe chuoni bado wanahesabiwa na ada inaendelea kudaiwa.

Basi wenye uamuzi juu yako ni wanne: idara unayotoka, idara unayokwenda, ofisi ya masomo ya uzamili ya chuo, na anayekulipia. Juu yao ipo Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa mambo ya udahili na uhamisho, na Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo mwisho wa safari ndilo litakalokusajili kuwa bingwa kwa shahada uliyomaliza.

Hatua ya 1: Tafuta unachokikimbia

Hapa usiharakishe. Chukua daftari dogo linaloingia mfuko wa koti, na kwa wiki 6 andika kila siku mistari miwili tu: kazi gani leo iliniinua, kazi gani ilinikandamiza. Usiandike "siku mbaya". Andika kitu chenyewe: kumwambia mume kwamba mtoto hakupona, kusubiri damu kwa muda wa saa mbili, kufokewa mbele ya wanafunzi, kushona vizuri, kuona presha ya mgonjwa inarudi.

Baada ya wiki 6 soma daftari lote kwa mkupuo, kisha panga yale yanayokukandamiza kwenye mafungu. Fungu la kwanza ni watu: msimamizi mkali, mwenzako anayekuachia zamu. La pili ni mazingira: zamu mfululizo, wodi iliyofurika, vifaa pungufu. La tatu ni mwili na nyumbani: usingizi, ujauzito, msiba, deni, huzuni isiyoondoka. La nne ni kazi yenyewe ya fani, ile ambayo ungeifanya hata kama hospitali ingekuwa tulivu, bosi ana upole na mshahara unatosha.

Fungu la nne peke yake ndilo linalotibiwa kwa kubadili fani. Matatu ya mwanzo utahama nayo. Nimewaona madaktari wawili waliotoka upasuaji kwenda magonjwa ya watoto kwa sababu ya uchovu, na wodi ya watoto wakati wa msimu wa malaria si mahali pa kupumzikia. Na kama daftari linaonyesha huzuni kila ukurasa, hupati usingizi, unalia ukiwa njiani kwenda kazini, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, nenda kwanza kwa daktari wa afya ya akili, leo. Sisi huwapeleka wagonjwa wetu huko bila kusita, nasi tuna haki hiyo hiyo. Uamuzi wa fani unaweza kungoja miezi mitatu.

Kwangu lilikuwa fungu la nne. Miaka ile, kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa, rufaa za upande wa Sengerema zilingoja kivuko, na akina mama waliotoka damu walifika wakiwa wameishiwa nguvu. Nilijua kuwapasua. Lakini mkono wangu ukiwa tumboni mwa mgonjwa, akili yangu ilikuwa kichwani pake: anapumua vipi, presha ngapi, dripu inakwendaje. Muuguzi mmoja wa siku nyingi, Msukuma, aliliona kabla yangu. Tulipokuwa tunanawa alisema, "Ng'wanawane (mwanangu), wewe kila mara unamuuliza mtu wa usingizi maswali kuliko unavyomuuliza mpasuaji mwenzako." Nilirudi nyumbani nikasoma daftari, na kweli, kila jambo lililoniinua lilikuwa upande ule wa pazia la upasuaji anapokaa mtu wa usingizi.

Hatua ya 2: Angalia njia fupi kabla ya ndefu

Kubadili fani maana yake kwa kawaida ni kuanza mwaka wa kwanza upya. MMed huchukua miaka 3 au 4 kutegemea fani na chuo. Piga hesabu: ukihama baada ya mwaka 1 kwenda programu ya miaka 3, jumla ni miaka 4. Ukihama baada ya miaka 2, jumla ni 5, na bado hujahesabu mwaka wa kungoja dirisha la udahili. Kabla ya kukubali bei hiyo, jaribu haya.

Kama tatizo ni msimamizi wa tasnifu, omba kubadilishiwa msimamizi. Hilo ni jambo la kawaida chuoni, linaandikiwa barua moja ya heshima isiyo na malalamiko. Kama tatizo ni mwili au nyumbani, omba kuahirisha masomo kwa muhula au mwaka. Omba kabla ya mitihani, ukiambatanisha cheti cha daktari au uthibitisho mwingine, maana anayeahirisha baada ya kufeli huangaliwa kwa jicho tofauti. Kama tatizo ni kituo, uhamisho wa fani ile ile kwenda chuo kingine hugharimu kidogo kuliko kubadili fani.

Na kama unaipenda nusu ya fani yako tu, fikiria kumaliza. Aliyechoshwa na wodi ya magonjwa ya ndani lakini anapenda moyo au figo, njia yake ipo mbele: ubingwa bobezi baada ya MMed. Kwa wapasuaji kuna mlango mwingine ambao wengi wa huku wanausahau. Chuo cha Madaktari Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao Arusha, kina hatua ya kwanza ya miaka 2 ya misingi ya upasuaji inayoishia kwenye mtihani wa uanachama. Baada ya hapo ndipo mtu anashika tawi: upasuaji wa jumla, mifupa, mkojo, watoto, ubongo na mengineyo. Anayetaka kutoka upasuaji wa jumla kwenda mifupa akiuliza mapema, anaweza kukuta miaka yake haijapotea.

Hatua ya 3: Onja fani mpya ukiwa bado na kiti chako

Tumia likizo yako. Omba ruhusa ya kukaa wiki 2 na idara unayoitamani, ikiwezekana katika hospitali mbili zenye sura tofauti. Mimi ningesema wiki moja kwenye hospitali kubwa ya rufaa na nyingine kwenye ya mkoa kama Sekou Toure, kwa sababu pengine huko ndiko utakakopangiwa kazi ukishamaliza. Bingwa wa Geita, Musoma au Bukoba mara nyingi yuko peke yake au na mwenzake mmoja. Fani inayovutia ukiwa umezungukwa na maprofesa inaweza kuwa mzigo ukiwa peke yako usiku na simu ndiyo msaada wako.

Usionje mchana tu. Lala zamu mbili. Muulize bingwa aliyemaliza miaka 5 iliyopita, halafu muulize aliye mwaka wa pili. Wa kwanza atakueleza maisha yalivyo, wa pili atakueleza mafunzo yalivyo, na mara nyingi majibu hayafanani.

Hatua ya 4: Anayekulipia

Hapa ndipo wengi tunapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kama wewe ni mtumishi wa umma, una ruhusa ya masomo. Itoe kwenye faili uisome neno kwa neno. Imeandika fani, chuo na muda. Ruhusa hiyo haihami nawe. Mwajiri alikuweka kwenye mpango wake wa mafunzo kwa sababu alihitaji bingwa wa fani ile, na mshahara unaopokea ukiwa masomoni umeshikiliwa na karatasi ile. Ukibadili fani kimya kimya, machoni pake hauko tena kwenye masomo uliyoruhusiwa. Matokeo yake ni mshahara kusimamishwa, hoja ya nidhamu, au kurudi kazini na shahada ambayo muundo wa kituo chako haujaitengea nafasi.

Kama una ufadhili, uwe wa Serikali, wa shirika au wa jimbo la kanisa, soma mkataba. Tafuta mambo matatu: kifungu cha kubadili kozi, kifungu cha kurejesha fedha, na miaka ya kutumikia baada ya kumaliza. Wafadhili wengi hulipia fani maalumu kwa sababu maalumu, na ufadhili wa fani moja hauhamishiki kwa kupenda kwako.

Anza kwa mazungumzo ya mdomo na Mganga Mkuu wa Wilaya au mkuu wako wa kazi, kisha afisa utumishi. Nenda mwenyewe, usipige simu. Kutoka Nansio ni safari ya meli, najua, lakini jambo la namna hii linazungumzwa ana kwa ana. Uliza: "Nikipata nafasi ya fani hii, ofisi itaweza kunibadilishia ruhusa? Mnamhitaji bingwa wa aina hiyo?" Ukiweza kuonyesha kwamba hospitali ya wilaya ina chumba cha upasuaji lakini haina bingwa wa usingizi, umeshafanya nusu ya kazi.

Barua rasmi huja baadaye, ukishapata nafasi. Ipitie kwa wakuu wako kwa ngazi, usiruke hata mmoja. Sura yake ni hii:

YAH: OMBI LA KUBADILISHIWA RUHUSA YA MASOMO KUTOKA FANI YA … KWENDA FANI YA …

Rejea barua yenye Kumb. Na. … ya tarehe …, iliyoniruhusu kusoma Shahada ya Uzamili ya Tiba katika fani ya … kuanzia … hadi ….

Ninaomba ruhusa hiyo ibadilishwe iwe ya fani ya …, ambayo nimedahiliwa na Chuo … kama inavyoonekana kwenye barua ya udahili niliyoambatanisha. Masomo yataanza … na kukamilika ….

Sababu za ombi hili ni … (mistari mitatu, inatosha). Gharama zitalipwa na ….

Nitaendelea na masomo yangu ya sasa hadi nitakapopokea maelekezo ya ofisi yako.

Ule mstari wa mwisho usiuache. Unaonyesha kwamba hujatoroka.

Kama unajilipia mwenyewe, mwajiri wako ni familia. Keti na mwenza wako na kalamu. Andikeni ada ya miaka iliyobaki kwa njia ya kwanza, ada yote kwa njia ya pili, kodi ya chumba, na miaka ya kipato cha ubingwa itakayochelewa. Mkimaliza, ongezeni akiba ya miezi 6, kwa sababu kila ofisi huchelewa.

Hatua ya 5: Zungumza na wakuu wa idara

Mpangilio wangu ni huu. Uliza kwanza idara mpya maswali ya jumla: wana nafasi ngapi mwaka huu, wanahitaji uzoefu gani, masomo gani niliyofaulu yatatambuliwa. Hilo ni swali, bado si ombi. Kabla ya kujaza fomu yoyote, nenda kwa mkuu wako wa sasa. Mji huu ni mdogo. Ukinong'ona asubuhi wodini, mchana limefika kantini, na mkuu wa idara akilisikia kwa mtu mwingine atakuwa amekosewa heshima, na atakuwa na haki ya kukasirika.

Omba miadi. Salamu, kisha sema moja kwa moja: "Shikamoo Profesa. Nimekuja kukuomba ushauri juu ya jambo zito. Nimefikiri kwa miezi kadhaa, naona njia yangu ni usingizi. Nimefaidika sana na idara hii, na nisingependa ulisikie hili kwingine." Halafu nyamaza. Wa kwangu alikaa kimya muda mrefu, akaniuliza kama kuna mtu amenikosea, nilipokataa akasema nirudi baada ya wiki 2 nikiwa bado na neno lile lile. Nilirudi. Barua ya utambulisho aliyoniandikia ndiyo iliyonifungulia mlango.

Usimponde mtu kwenye mazungumzo haya, hata kama umeumizwa. Kama umenyanyaswa kweli, hilo ni lalamiko rasmi lenye njia yake kupitia mkuu wa skuli au mlezi wa wanafunzi. Ukilichanganya na ombi la kuhama, yote mawili yatapoteza nguvu.

Hatua ya 6: Omba, ngoja, na usiachie kiti

Vyuo vyetu hupokea wanafunzi wa MMed mara moja kwa mwaka, masomo yakianza robo ya mwisho ya mwaka, na dirisha la maombi hufunguliwa miezi kadhaa kabla. Andaa mapema vyeti vya shahada ya kwanza na matokeo yake, cheti cha mafunzo ya vitendo, usajili wa kudumu na leseni hai ya Baraza, matokeo yako ya MMed hadi sasa, na barua za wadhamini wawili, mmoja akiwa wa idara unayotoka.

Kama ni ndani ya chuo hicho hicho, usidhani utahamishwa kwa barua tu. Uliza ofisi ya uzamili kama unatakiwa kuomba upya. Ukiwa hapo, omba kwa maandishi masomo ya pamoja yatambuliwe: takwimu, epidemiolojia, mbinu za utafiti. Ambatanisha muhtasari wa kila somo pamoja na alama, kwa sababu kamati haiwezi kulinganisha jina la somo peke yake. Hata usipopunguziwa muda, kupunguziwa mitihani ni nafuu kubwa kwa mtu anayeanza upya.

Sasa kosa langu. Niliambiwa kwa mdomo kwamba nafasi yangu ipo. Nikafurahi, nikaandika barua ya kujiondoa wiki ile ile. Orodha ilipotoka sikuwemo. Hakuna aliyenidanganya kwa makusudi. Mwenye kauli hakuwa mwenye sahihi. Nilirudi kituoni kwangu nikiwa si mwanafunzi wa fani yoyote, nikangoja mwaka mzima, na mkuu wangu wa kazi alikuwa na kila sababu ya kuniuliza nilikuwa nafanya nini. Ndiyo maana nakusihi: barua ya udahili yenye jina lako, fani na mwaka wa masomo, kisha barua ya mwajiri au mfadhili. Zikiwa mbili mkononi, ndipo uandike ya kujiondoa. Mpaka siku hiyo ingia raundi, fanya zamu, fanya mitihani. Mtihani uliofaulu una kazi hata kwa anayehama.

Hatua ya 7: Kuondoka vizuri

Tasnifu kwanza. Kama utafiti wako umeshapata kibali cha maadili, andikia kamati iliyokitoa kwamba unausitisha au unamkabidhi mwingine. Fomu za wagonjwa walioridhia kushiriki si mali yako ya kubeba kwenye begi. Zikabidhi kwa msimamizi kwa orodha iliyosainiwa. Kama ulishakusanya data zote, zungumzeni kuhusu kuandika makala pamoja. Wagonjwa wale walitoa muda na damu yao, na kazi hiyo isiishie kabatini.

Wagonjwa wako wa kliniki waandikie muhtasari unaosomeka, umtaje anayewapokea. Kitabu chako cha kurekodi kesi kisainiwe kurasa zote kabla hujaondoka, kwa kuwa bingwa aliyekusimamia anaweza kuhamishiwa Dodoma na usimpate tena. Maliza fomu ya madeni ya maktaba, hosteli na ada, na usiondoke bila nakala rasmi ya matokeo. Vyote viweke kwenye faili moja, na nakala kwenye simu.

Hatua ya 8: Wiki za mwanzo

Ripoti kwa mwajiri kwa barua siku ulipoanza, ukiambatanisha uthibitisho wa usajili. Hakikisha leseni yako ya Baraza haijaisha katikati ya pilikapilika za kuhama.

Utakuwa mwaka wa kwanza tena, na pengine atakayekupangia zamu ni daktari uliyemfundisha akiwa intani. Mwite Dokta, pokea zamu. Usianze sentensi kwa "kule nilikotoka sisi tulikuwa…", maana inachosha haraka. Lakini ujuzi wako utumike unapohitajika. Mwezi wangu wa pili aliletwa mama mwenye kondo la nyuma lililong'ang'ania, na kabla mpasuaji hajatamka chochote nilishaagiza damu, kwa sababu nilijua kwa mikono yangu itakuwa nyingi kiasi gani.